KORTI BILA FEDHA, MSHITAKIWA BILA WAKILI



Kila mwaka mwezi wa Juni, Bajeti inaposomwa Bungeni, sisi wafanya kazi husikiliza mambo matatu: kodi ya mshahara, bei ya unga, na bei ya mafuta. Ni haki yetu, maana hayo yatugusa mfukoni kesho yake asubuhi. Lakini kuna fungu moja ambalo hupita bila mtu kuuliza. Nalo ni fungu la korti, pamoja na lile la kumlipia wakili mshitakiwa asiye na kitu. Leo twataka kusema juu ya fungu hilo, maana mfanya kazi hukutana nalo siku asiyoitazamia.

Mwenzetu anatoka zamu ya usiku. Askari wanafagia njia, naye anachukuliwa pamoja na wengine. Katiba ya 2010 yasema aletwe mbele ya hakimu kabla ya saa 24 kupita, au siku ya korti inayofuata. Haya, analetwa. Upande mmoja amesimama mwendesha mashtaka, mtu aliyesoma sheria, anayelipwa na umma kila mwezi. Hakimu analipwa na umma. Karani analipwa na umma, na askari wa mlangoni vilevile. Mshitakiwa peke yake hana mshahara mle ndani wala hana wa kumsemea, naye ndiye anayeweza kufungwa. Akikosa dhamana anakwenda rumande. Majuma mawili yakipita, kazi yake imekwisha kupewa mtu mwingine, hata kama baadaye hakimu atasema hana kosa.

Watu wengine husema, Basi, serikali itamtafutia wakili. Ni kweli sheria yasema hivyo, na ni vizuri tuijue vile ilivyo. Kifungu cha 50 cha Katiba chasema mshitakiwa atapewa wakili kwa gharama ya serikali ikiwa bila wakili atadhulumiwa sana, tena aambiwe haki hiyo mapema. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria, likaunda Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria na Mfuko wake. Sheria hiyo yamwamuru hakimu amweleze mshitakiwa asiye na wakili haki yake, na kuijulisha Huduma pale inapohitajika. Lakini sheria hiyo hiyo yasema kwamba kukosa wakili hakuzuii kesi kuendelea. Someni tena maneno hayo, ndugu. Mlango umefunguliwa kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeurudisha nusu.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba haki hii haiji yenyewe kwa kila mshitakiwa. Korti itazame uzito wa kosa, ukali wa adhabu, ugumu wa kesi, na kama mtu ana uwezo wa kujilipia au kujitetea. Hatugombani na majaji kwa hilo. Lakini tunauliza: hakimu akishatazama yote hayo, akaona kweli mtu huyu astahili wakili, wakili huyo atalipwa na nani?

Chukueni kesi mbili za kifo. Mtu akishitakiwa kuua kwa kukusudia, kesi yake husikilizwa na Mahakama Kuu, na tangu zamani korti humpa wakili wa kulipwa na umma. Ujira wa wakili huyo ni mdogo, lakini walau yupo. Mtu akishitakiwa wizi wa kutumia nguvu, adhabu iliyoandikwa katika sheria ni kifo vilevile, ila kesi yake husikilizwa na hakimu wa korti ya chini, na kwa miaka mingi wengi walisimama pale peke yao. Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2011 kwamba mshitakiwa wa namna hiyo naye anastahili wakili wa serikali iwapo atadhulumiwa bila ya huyo wakili. Ni kweli hakuna aliyenyongwa katika nchi hii tangu 1987. Lakini mtu aliyehukumiwa kifo bila wakili hatoki gerezani kwa sababu kamba imening'inia bure.

Sasa tuje kwenye fedha. Mfuko wa msaada wa kisheria hupata kile Bunge linachotoa, pamoja na misaada. Kwa miaka mingi kazi hii imeegemea wafadhili wa ng'ambo na vyama vya hiari. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, kimewasaidia wafanya kazi na maskini wengi, nasi twakishukuru. Lakini ni aibu kwa nchi yenye Hazina yake kumtegemea mgeni kumlipia mwananchi haki iliyoandikwa katika Katiba. Mgeni akibadili nia, haki nayo yafunga virago? Tena Huduma yenyewe imewekwa chini ya Mwanasheria Mkuu, ambaye ni mshauri mkuu wa serikali katika sheria. Hatusemi anafanya vibaya. Twasema tu kwamba mtetezi wa mshitakiwa hafai kumwomba chakula mtu aliyekaa meza moja na mshitaki.

Wafanya kazi wa Kenya wanajua tangu zamani kwamba mfuko wa korti si jambo la makarani peke yao. Katika kesi ya Kapenguria ya 1952 na 1953, kati ya washitakiwa sita walikuwapo wawili wa vyama vya wafanya kazi, Fred Kubai na Bildad Kaggia. Walitetewa na mawakili wa nchi mbalimbali wakiongozwa na D. N. Pritt wa Uingereza. Hakimu alikuwa Thacker, aliyeletwa kwa kesi ile. Waandishi wa historia wameandika baadaye kwamba Gavana Baring alimlipa Thacker pauni 20,000. Wale sita walikuwa na mawakili hodari, na bado walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Wakili hafai kitu ikiwa anayesikiliza ameshikwa mfukoni.

Ndiyo maana waliotunga Katiba ya 2010 waliweka kifungu cha 173. Chasema kuwe na Mfuko wa Mahakama, Msajili Mkuu aandike makadirio na kuyapeleka Bungeni moja kwa moja, na Bunge likikubali fedha zilipwe katika Mfuko huo, zisipite kwa waziri. Sheria ya Mfuko ikapitishwa 2016. Lakini Mfuko haukuanza kufanya kazi mpaka Julai 2022. Miaka kumi na miwili! Mwajiri akituahidi nyongeza ya mshahara na kukaa miaka kumi na miwili, tungekwisha kumwita mwongo zamani sana.

Katika miaka hiyo ya kungoja tuliona hatari yenyewe. Mnamo 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais. Rais wa wakati ule akasema hadharani kwamba jambo la korti litatazamwa tena. Mwaka uliofuata fungu la korti likapunguzwa. Novemba 2019 Jaji Mkuu David Maraga akasimama mbele ya waandishi wa habari kulalamika kwamba Hazina imekata tena, hata fedha za kuzipeleka korti zinazohamahama kwa wananchi wa mbali zimekosekana. Hatujaona barua yoyote inayounganisha uamuzi ule na makato haya. Lakini hatuhitaji barua kuona jambo linavyoweza kufanyika. Mshahara wa jaji umelindwa na Katiba, hauwezi kupunguzwa. Petroli ya gari la korti haikulindwa, wala karatasi, wala ujira wa wakili wa maskini. Anayetaka kuiadhibu korti atapitia hapo, na atakayeumia si jaji, bali ni mtu wa rumande ambaye kesi yake imesogezwa mbele mara ya nne.

Wapo watakaosema kwamba twataka korti zipewe fedha na zisiulizwe. La! Korti nazo ni watu, na watu hushika fedha vibaya. Mwaka 2013 palikuwa na mabishano makubwa juu ya matumizi ya fedha za Mahakama, hata Tume ya Utumishi wa Mahakama ikamwondoa Msajili Mkuu, na Bunge likaingia kuchunguza. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na azifungue daftari zote, na kila senti ihesabiwe, kama vile wanachama wanavyozihesabu senti za chama chetu katika mkutano wa mwaka. Lakini kukagua fedha zilizotumika ni kazi moja, na kuzizuia fedha ili korti ipate adabu ni kazi nyingine kabisa. Serikali isifiche ya pili nyuma ya ya kwanza.

Basi haya ndiyo tunayotaka. Fungu la msaada wa kisheria liandikwe peke yake katika Bajeti, lionekane, lisimezwe katika mafungu ya ofisi nyingine. Huduma ya Msaada wa Kisheria iondolewe chini ya kivuli cha Mwanasheria Mkuu. Na kila mwaka Bunge liambiwe waziwazi: washitakiwa wangapi walisimama bila wakili, katika korti gani, kwa makosa gani. Bila hesabu hiyo, mbunge atajuaje fungu linatosha au halitoshi?

Nafasi ya kusema ipo. Kifungu cha 221 cha Katiba chataka makadirio yafike Bungeni miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia mwisho wa Aprili, na chailazimisha kamati ya Bunge isikilize maoni ya wananchi. Katika vikao hivyo wenye viwanda hawakosi, wamekuja na mafaili yao juu ya ushuru. Sisi hatuonekani.

Kwa hiyo twawaomba makatibu wa matawi na wasimamizi wa kazini waulize katika kila karakana na kila zamu: nani amepelekwa kortini mwaka huu kwa kesi ya jinai, alikuwa na wakili au hakuwa naye, hakimu alimweleza haki yake au hakumweleza, na alikaa rumande siku ngapi. Msiandike majina ya watu, andikeni korti na namna ya kosa tu. Karatasi zifike ofisi kuu kabla ya mwisho wa Machi. Halmashauri itazijumlisha na kuzipeleka Bungeni kwa mkono, si kwa posta.