Mchuuzi wa Samaki Naye ni Mtu

Sisi wakazi wa Mamboleo tunaponunua omena huuliza bei tu. Ni nadra kuuliza mama anayetuuzia aliwapata vipi. Katika baadhi ya fuo za Ziwa Victoria kuna mtindo uitwao jaboya: mvuvi humnyima mchuuzi samaki hadi akubali kulala naye. Mtindo huo umechangia kueneza ukimwi, nazo kaunti za Kisumu, Siaya na Homa Bay zimo miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi nchini.

Wapo wanaodai kuwa wanawake hao hufanya hivyo kwa hiari. Nionavyo mimi, dai hilo ni potovu. Mjane asiye na mashua wala nyavu, huku samaki wakizidi kuadimika, huchagua kati ya aibu na njaa ya wanawe. Kunyamaza kwake si ridhaa. Anayemhesabu kuwa sehemu ya bei hajajisumbua kufikiri yeye anawaza nini.

Jibu lilitolewa na wanawake wa ufuo wa Nduru mwaka 2011. Kwa msaada wa wahisani walipata mashua zao na kuwaajiri wavuvi. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwahamisha wengi, lakini hoja yao haikuzama: mwenye chombo ndiye apangaye masharti.

Kwa hiyo, vyama vya usimamizi wa fuo, serikali ya kaunti na wakopeshaji wawasaidie wanawake kumiliki mashua. Naye mvuvi akumbuke kuwa anayesubiri ufuoni na karai lake ana hofu na matumaini kama yake. Mtu ni utu.