Zamu moja kwa siku

Wazazi wenzangu, wiki hii niseme ukweli. Mimi nilikuwa mzazi wa kupita mlangoni na kufoka, "Zima hiyo kompyuta!" Kijana wangu ana miaka 14, na tangu baba yake ahamishiwe Mwanza kikazi, nilichokuwa nikisikia kwake ni "sawa" na "sijui" tu.

Juzi nikavuta kiti nikakaa kando yake. Alikuwa akicheza Alpha Centauri, mchezo wa mwaka 1999, kwa hiyo umemzidi umri. Watu wa duniani wametua kwenye sayari ya mbali wakiwa wamegawanyika makundi saba. Nikamuuliza kundi gani ni bora. Akaongea nusu saa bila kumeza mate!

Yeye huchukua Wasparta wa Santiago. Askari wao wana ari kuliko wote, ila viwanda vyao ni vizito, kila kitu huchelewa kukamilika. Chuo Kikuu cha Zakharov hugundua mambo haraka, lakini siri zake huibwa kirahisi na raia wake hawaishi kulalamika. Miriam anashambulia kwa nguvu, ila elimu yake inakwenda pole pole. Yang na Lal alinieleza pia, nimewasahau.

Vikosi unavibuni mwenyewe: waende kwa miguu au kwa gari, silaha gani, deraya gani. Nikadhani mwenye silaha kali ndiye mshindi. "Hapana mama, subiri minyoo." Sayari ile ina minyoo inayoshambulia akili. Mbele yao leza na deraya ya gharama havihesabiki, kinachohesabika ni ari ya askari. Wasparta husimama. Deirdre yeye ana askari wanyonge, lakini anaweza kuifuga minyoo hiyo na kuituma kwa adui.

"Na Morgan?" Huyu ni tajiri kutoka Afrika, nilimpenda mara moja. Kijana akanyamaza kidogo. "Huyo ni wa baba. Ana hela, anatuma majasusi wananunua vikosi vyangu."

Nikatafuta la kusema nikakosa.

Mchezo huu ni wa zamu, hakuna anayekukimbiza, unaweza kuuacha ukala chakula. Hatari yake ni ile "zamu moja tu, mama" inayofika saa nane usiku. Lakini unaweza pia kuchezwa kwa barua pepe: ukimaliza zamu unamtumia mwenzako faili, naye anacheza yake na kulirudisha. Nikampigia baba yake. Akasema kazi ni nyingi. Nikamwambia ni dakika kumi.

Siku tatu za kwanza faili halikurudi, na kijana alikuwa akifungua barua pepe hata kabla ya kuvua sare. Siku ya nne likaja. Sasa ni zamu moja kwa siku, baada ya kazi za shule, na sihitaji kufoka kwa sababu mpaka baba ajibu hakuna cha kucheza.

Jumapili baba akapiga simu kuuliza kama kijana amekasirika kwa kile kikosi alichonunua. Nikamwambia muulize mwenyewe, nikampa simu. Wameongea dakika arobaini, habari za minyoo. Muda wa maongezi wa baba umeisha wote.