Habari za Mvua ni Habari za Afya

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Siku hizi wataalamu hawangoji mawingu. Hupima joto la maji ya Bahari ya Hindi na ya Pasifiki, huitazama nchi kwa satelaiti, wakajua mapema kama vuli itapita kiasi. Swali linalotupasa ni hili: habari hizo zikisha kupatikana, ni nani azifanyiaye kazi?

Tuchukue mfano wa Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Virusi vyake hujificha katika mayai ya mbu yaliyolala udongoni, pengine kwa miaka. Mvua kubwa zikiyajaza maji mabonde makavu, mayai huanguliwa na mbu wakauma mifugo. Kondoo, mbuzi na ng'ombe hutupa mimba, na vichanga vyao hufa. Binadamu huambukizwa zaidi kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Basi waumiao kwanza ni mchungaji na mchinjaji. Ndivyo ilivyokuwa baada ya mvua za El Niño za mwaka 1997, katika Kenya, Somalia na Tanzania.

Msiba ule uliwafunza wataalamu. Katika Septemba 2006 watafiti wa Marekani walionya kwamba hali ya bahari yaashiria mvua nyingi na maradhi. Na katika Novemba Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likazitahadharisha nchi za Pembe ya Afrika. Onyo lilitangulia maradhi kwa majuma mawili hadi sita. Hata hivyo, Desemba watu walikuwa wakifa Garissa, na chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007. Nchini Kenya walikufa watu zaidi ya 150. Maradhi yakavuka mpaka, yakafika Dodoma na mikoa mingine ya Tanzania, yakaua zaidi ya 100. Masoko ya mifugo yalifungwa. Wachinjaji, wachukuzi na wauza nyama wakakosa riziki.

Kosa lilikuwa wapi? Onyo lilikuwapo. Kilichokosekana ni amri iliyoandikwa mapema ya nani afanye nini onyo likifika. Chanjo haiagizwi leo ikafika kesho. Na kuchanja katikati ya mlipuko, kwa sindano moja itumiwayo kwa wanyama wengi, kwaweza kuueneza ugonjwa. Afisa wa mifugo akingoja maabara, na daktari akimngoja afisa wa mifugo, mweka hazina huwangoja wote wawili. Mbu hamngoji mtu.

Wako watakaosema kwamba utabiri huweza kukosea, na fedha za wananchi zisitumiwe kwa jambo la pengine. Hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2015 tahadhari ya El Niño ilitolewa, na Kenya haikupatwa na mlipuko kama ule wa 2006. Lakini hakuna alazimishaye matumizi yote siku moja. Utabiri wa msimu ukionyesha hatari, akiba ya chanjo ikaguliwe na wauguzi wakumbushwe dalili. Mvua zikianza kuwa kubwa kweli, mifugo ichanjwe bila kukawia, kabla mbu hawajazagaa. Mbu wakizagaa, redio zitangaze na machinjio yakaguliwe. Hatua ya kwanza ni rahisi kuliko zote, tena haipotei bure hata mvua zikikosa.

Kabla ya vuli na kabla ya masika, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza utabiri wa msimu. Twasema utabiri huo usiishie kwa mkulima na nahodha. Uwekwe mezani mbele ya mganga mkuu wa wilaya na afisa mifugo, wakiwa wameketi pamoja, na kando yake pawe na fungu la fedha lililokwisha kuidhinishwa.

Nanyi, ndugu wanachama na wafanyakazi, msione kwamba haya ni ya wataalamu peke yao. Nyama mnaichinja ninyi, mizigo mnaichukua ninyi, na wodi mnazihudumia ninyi. Mwulizeni diwani wenu: likija onyo la mvua kubwa, nani katika wilaya hii ana wajibu wa kulitenda, na kwa fedha zipi? Iwapo hana jibu, mtakeni alitafute sasa, wakati mabonde yangali makavu.