Hesabu ya Makala na Kazi ya Ustawi

Nguo hupimwa kwa wari na mchele kwa pishi. Mfanyi biashara apimaye nguo kwa pishi huchekwa na soko zima. Katika vyuo vikuu vya Marekani kosa la namna hiyo halichekwi, bali hutukuzwa. Waalimu wa ustawi wa jamii, ambao huwafunza watunzaji wa yatima, wagonjwa wa akili na watoto wanaoteswa, hupimwa kwa idadi ya makala walizochapisha, na kwa mara ngapi makala hizo zimetajwa na waandishi wenzao.

Mizani ipendwayo sana ilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwenye makala 10, ambazo kila moja imetajwa mara 10 au zaidi, hupata 10. Hirsch mwenyewe alionya kwamba namba moja haiwezi kutoa ila makisio ya sifa za mtu, na kwamba elimu mbalimbali hazilingani. Onyo lilibaki nyumbani, namba ikasafiri. Zimeandikwa hata makala za kuhesabu makala za waalimu wa ustawi, nazo, bila shaka, zikaingia katika hesabu.

Watetezi wana hoja. Mwaka 1915, mjini Baltimore, Abraham Flexner aliuambia mkutano wa watu wa kazi hii kwamba haijatimia kuwa taaluma. Jeraha lile halikupona upesi, na utafiti ukawa dawa yake. Tena, husema, hesabu ni afadhali kuliko upendeleo wa mkuu wa idara. Hilo ni kweli. Lakini hakimu mla rushwa haondolewi ili kiti chake apewe kipofu.

Wala utafiti haukuzaliwa na aibu ya Baltimore. Mwaka 1895 wakazi wa Hull House, nyumba iliyofunguliwa Chicago mwaka 1889 na Jane Addams na Ellen Gates Starr, walitoa kitabu cha ramani na insha juu ya mtaa wao. Ramani zilionyesha kwa rangi asili ya wenyeji na mishahara yao ya juma. Florence Kelley, mmoja wa waandishi, alikuwa tangu 1893 mkaguzi mkuu wa viwanda wa Illinois, akipambana na ajira ya watoto. Maandishi hayo yalianzia mlangoni pa maskini. Na mizani ya leo ingeyapa nini? Kitabu kimoja, hata kikitajwa mara 1,000, humpa mwandishi wake 1.

Mwalimu kijana anayengojea kuthibitishwa kazini huijua hesabu hiyo vema. Kuuchunguza mtaa kwataka miaka. Kuukata uchunguzi mmoja vipande vinne kwataka mkasi tu. Makala hufungiwa katika majarida ya bei kali, na mwanafunzi wake wa jana, aliye sasa katika ofisi ya ustawi, hana tena ufunguo wa maktaba ya chuo. Hata akiisoma makala moja, akabadili namna ya kumhoji mtoto aliyepigwa, mizani haitikisiki, kwa kuwa yeye haandiki makala.

Kamati za kupandisha vyeo zimejaa wasomi. Na wasome basi: wachukue maandishi mawili aliyoyachagua mwalimu mwenyewe, wayasome mpaka mwisho, kisha waulize katika ofisi za ustawi ni nani aliyeyatumia, na kwa kazi gani.