Tumbawe Likipauka, Istilahi Ziko Wapi?

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza ufugaji wa matumbawe nyumbani chini ya taa za LED. Dai hili halina mashiko. Ndani ya tumbawe huishi mwani wa seli moja unaolilisha kwa nguvu ya mwanga, hasa wa samawati. Taa mpya ikiwashwa ghafla kwa ukali wote, tumbawe huufukuza mwani huo, likapauka. Hivyo mwanga hauna budi kupunguzwa, kisha uongezwe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Likikolea hudhurungi, aghalabu limepungukiwa na mwanga. Neno gani limekosekana hapo? Kupauka tumekutaja tangu kanga zilipoanza kuanikwa juani! Wanaistilahi wanaolikwepa neno hilo ili wabuni jingine, ambalo mwenye tangi hataling'amua, ndio wanaokidumaza Kiswahili.