Mbu Hasomi Karatasi: Neno kwa Wote Wanaosafiri

Wazungu wanaopanda meli kubwa kwenda kutembelea nchi za joto hufanya jambo moja kabla ya kufunga mizigo yao. Huenda kwa munganga majuma manne au sita mbele ya safari na kumwuliza, "Ninakwenda nchi fulani. Nichanjwe nini?" Watakaa katika nchi hizo siku chache tu, tena watalala melini, lakini hawataki kuondoka bila ulinzi. Sisi ambao nchi hizo za joto ni kwetu tunasafiri kila juma, wala hatumwulizi munganga neno lolote. Desturi hii ni mbaya, na imetupasa kuiacha.

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya watalii wenye mali. Mimi ninakwenda sokoni tu, au machimboni, au harusini kwa ndugu yangu." Basi, ndugu msomaji, tutazame safari zetu wenyewe.

SAFARI ZETU SI NDOGO

Milima ya Masisi iko juu, mahali pengi mita zaidi ya 1,500. Ni nchi ya baridi, ya ng'ombe, jibini na viazi. Walikale iko chini, katika mwitu mkubwa, nchi ya joto, mvua na mawese. Mtu akishuka kutoka Masisi mpaka soko la Mubi au machimbo ya Bisie hakuvuka mpaka wa serikali, lakini amebadili nchi. Mbu wa huko ni wengi kuliko wa kwao, na mwili wake haukuzoea malaria kama mwili wa mtu aliyezaliwa mwituni. Kwa hiyo mtu mzima mwenye nguvu hushuka akiimba, na baada ya majuma mawili hurudishwa akibebwa.

Watu wa Walikale nao hupanda kwenda Goma, na wengine huvuka mpaka kwenda Gisenyi, Kampala au Bujumbura. Vijana huenda Rubaya kutafuta koltani. Machimboni hukutana watu wa kila upande. Wanalala wakibanana katika vibanda, maji ni machafu, vyoo ni vichache. Mahali kama hapo ugonjwa mmoja hupata wenyeji wengi.

Haya si maneno ya kutisha tu. Mnamo Septemba 2023 aina mpya ya mpox ilianza kuonekana Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu ya Kusini. Kutoka huko ilisafiri pamoja na watu mpaka Bukavu, Goma na nchi za jirani. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya la Dunia lilitangaza hatari kwa dunia nzima, na tarehe 5 Oktoba 2024 chanjo yake ilianza kutolewa mjini Goma. Ugonjwa haukuwa na miguu. Ulitembea kwa miguu ya wasafiri.

Kumbuka tena mwaka 2019, wakati wa Ebola. Mwezi wa Julai mchungaji mmoja alipanda basi Butembo akiwa mgonjwa, akashuka Goma. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuonekana na ugonjwa ule katika mji ule. Wakuu wa afya walisema kwamba njiani, penye vituo vya kuwapima wasafiri, alitoa majina mbalimbali. Abiria wenzake walitafutwa, wakachanjwa, na ugonjwa haukuenea kutoka kwake. Lakini mwezi ule ule mchimba dhahabu mmoja alirudi kwake Goma kutoka machimbo ya Ituri. Naye alikufa kwa Ebola, na watu wa nyumbani mwake waliambukizwa. Mwezi uliofuata ugonjwa ulionekana Pinga, hapa kwetu Walikale. Vita ile ya Ebola, iliyoanza mwaka 2018 na kwisha Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200.

KARATASI BILA DAWA

Sasa nakuja kwa jambo linalonisikitisha kuliko yote. Kuna chanjo moja ambayo msafiri huulizwa mipakani, yaani chanjo ya homa ya manjano. Anayechanjwa hupewa karatasi ya manjano. Nchi yetu humtaka kila anayeingia awe nayo, tangu mtoto wa miezi 9. Nao watu wengi wamejifunza kuitafuta karatasi na kuikwepa sindano. Wanalipa franga, mtu anapiga muhuri, wanakwenda zao wakicheka. Wanadhani wamepata faida.

Wamepata nini? Mbu hasomi karatasi. Mbu wa homa ya manjano huuma mchana, mtu akiwa shambani au kazini. Katika mwitu huutoa ugonjwa kwa nyani na kuutia kwa watu, na mjini huutoa kwa mtu na kuutia kwa mwenzake. Aliyeshikwa huona homa, maumivu ya mgongo na kutapika. Wengi hupona. Lakini wengine hurudiwa na homa, macho yao huwa manjano, damu huwatoka, na karibu nusu ya hao hufa. Hakuna dawa inayoua ugonjwa huu ukiisha kuingia mwilini. Munganga aweza kumsaidia mgonjwa kwa maji na kwa kutuliza homa, basi.

Lakini chanjo yake ipo, tena ni ya zamani. Max Theiler na wenzake waliitengeneza mwaka 1937, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1951. Sindano moja hulinda maisha yote. Tangu Julai 2016 sheria ya mataifa inasema kwamba hata karatasi ni ya maisha yote, ijapokuwa ile ya zamani imeandikwa miaka 10. Basi, mtu anayenunua karatasi ya uongo anakataa sindano moja tu ya maisha yake yote. Huo ni ujinga unaouzwa kwa franga.

Tena hajidhuru peke yake. Mnamo Desemba 2015 homa ya manjano ilianza Luanda, katika Angola. Wasafiri waliileta Kongo, na wengine 11 waliipeleka mpaka China. Watu zaidi ya 900 walithibitishwa kuwa nayo katika Angola na Kongo. Chanjo ikapungua duniani, hata mwezi wa Agosti 2016 watu zaidi ya milioni 7 wa Kinshasa walichanjwa kwa sehemu moja ya tano ya kipimo cha kawaida, ili itoshe. Kama kila msafiri angalikuwa amechanjwa kweli, ugonjwa ungalizuiwa mpakani. Anayeuza karatasi bila dawa na anayeinunua wanafungua mlango mmoja.

MANENO YA KUJITETEA

Wa kwanza asema, "Sina nafasi, safari ni kesho." Ndugu, mwili unahitaji siku 10 kutengeneza ulinzi baada ya sindano ya homa ya manjano, na mpakani karatasi huhesabiwa baada ya siku hizo 10. Safari uliijua tangu zamani. Ulipata nafasi ya kununua viatu.

Wa pili asema, "Chanjo ni ya watoto." Si kweli. Wazee wetu wana alama ya chanjo ya ndui mkononi. Walichanjwa wakubwa kwa wadogo, na kwa ajili ya alama ile ndui ilikwisha Kongo mwaka 1971 na duniani kote ikatangazwa kwisha mwaka 1980. Ndipo chanjo yake ikaachwa. Waliozaliwa baadaye hawana alama ile, na hiyo ni sababu moja ya mpox, ndugu yake ndui, kupata nguvu kati yetu.

Wa tatu asema, "Mungu atanilinda." Mimi nami naamini hivyo. Lakini anayeomba usiku hufunga pia mlango wa nyumba yake, wala hatumwiti mtu asiyeamini kwa kuwa na kufuli.

Wa nne asema, "Nilikwenda kituo cha afya, wakanirudisha." Huyu ana haki, nami sitaki kumlaumu. Chanjo haipatikani kila siku katika kila kituo. Vita na barabara mbaya huichelewesha, nayo lazima ikae katika baridi ya digrii 2 mpaka 8, la sivyo inaharibika. Tena chupa moja mara nyingi ni ya watu 10. Ikiisha kufunguliwa, chanjo ya homa ya manjano na ya surua haivuki saa 6, inayobaki hutupwa. Kwa hiyo munganga huogopa kuifungua kwa ajili ya mtu mmoja.

Lakini dawa ya shida hii ni nyepesi. Msiende mmoja mmoja. Kwaya inayokwenda mkutano, akina mama wa soko, vijana wanaoshuka machimboni, waandikane majina, wamtume mtu kuuliza katika ofisi ya zoni ya afya siku na mahali wasafiri wanapochanjwa, kisha waende pamoja. Munganga akiona watu 10 mlangoni atafungua chupa kwa furaha. Nafikiri kila parokia ingefaa kuwa na mzee mmoja wa kazi hii, kama tulivyo na mzee wa kuhesabu sadaka. Wakubwa wa machimbo nao wasipokee mchimbaji mpya kabla hawajamwuliza habari za chanjo. Wanapima mawe yake kila jioni. Je, mtu si zaidi ya jiwe?

UFANYE NINI KABLA YA SAFARI

1. Mwambie munganga unakokwenda, majuma manne mbele. Mwonyeshe karatasi zote za chanjo, zako na za watoto.

2. Chanjwa homa ya manjano kama hujachanjwa. Mama mwenye mimba, mtoto mdogo wa chini ya miezi 9, mzee wa zaidi ya miaka 60, mtu anayedhurika akila mayai, na mtu ambaye ugonjwa umeudhoofisha mwili wake, waseme kwanza. Munganga ataamua.

3. Angalia surua ya watoto. Katika Kongo ugonjwa ulioenea tangu mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Usimpeleke mtoto asiyechanjwa mahali penye watu wengi, kama kambi au machimbo. Chanjo ya surua na ya homa ya manjano hutolewa siku moja. Zikikosa siku moja, ziachane majuma manne.

4. Uliza habari za pepopunda, zaidi wewe mchimbaji. Jeraha la sururu lenye udongo ni mlango wake.

5. Kipindupindu kikiwa mahali unakokwenda, kunywa chanjo yake ikitolewa. Lakini inasaidia tu. Chemsha maji, nawa mikono, tumia choo.

6. Kwa malaria hakuna sindano ya mtu mzima. Chanjo iliyoanza kutolewa katika Kongo ya Kati mwaka 2024 ni ya watoto wadogo. Chukua chandarua, ulale ndani yake kila usiku. Ukipata homa, pimwa siku ile ile.

7. Usichanjwe na mtu anayebeba dawa mfukoni sokoni. Dawa yake imekufa kwa joto, au ni maji tu, na sindano yake huenda ilichoma mwingine.

8. Ukirudi na homa au vipele, sema kweli ulikotoka, na jina lako la kweli.

Mtu anayeshuka Walikale anaacha nyumbani mke, watoto na wazee wanaongoja fedha yake. Wanamngoja yeye pia. Akirudi na gunia la mawele au noti chache, watashukuru. Akirudi na ugonjwa, watakaolipa ni wao. Kwa hiyo, wewe baba na wewe mama unayefunga mzigo juma hili, usiufunge kwanza. Nenda kwa munganga, toa mkono wako, vumilia uchungu wa sindano, nao ni mfupi kuliko kuumwa na siafu. Kisha pokea karatasi yako. Ndipo itakuwa karatasi ya kweli, nawe utaionyesha mpakani bila hofu ya askari wala ya mbu.