Tulimfuta Jirani Yetu: Picha za Mtaani na Mpaka wa Kuhariri



Mwaka jana, katika Sherehe ya Mwili na Damu Takatifu ya Kristo, maandamano ya Ekaristi yalitoka kanisani, yakapita sokoni na kurudi kwa barabara ya stendi. Sisi watatu tunaoshughulikia habari hapa seminarini tulipewa kazi ya kupiga picha, tukiwa na kamera moja ya kuazima na simu mbili. Usiku ule tulikaa mbele ya kompyuta tukachagua picha ya kuweka juu ya habari: Padre amebeba monstransi chini ya mwavuli mweupe, watoto wa Komunyo ya Kwanza wanamwaga maua mbele yake, na nyuma yao yanaonekana mabanda ya mitumba.

Tuliipenda picha ile, isipokuwa kwa jambo moja. Upande wa kushoto, mbele ya ukuta wa mabati, alisimama kijana mwenye gunia la chupa tupu za plastiki, mmoja wa wale wanaookota chupa na kuziuza kwa kilo. Mmoja wetu akasema, "Huyu anaharibu picha." Wengine hatukubisha. Tukamzungushia alama, tukabonyeza, na programu ikajaza nafasi yake kwa mabati. Hata dakika mbili hazikwisha. Kesho yake habari ilitoka, na tulipongezwa.

Majuma matatu baadaye tulikwenda mtaa ule ule kwa utume wa Jumapili. Kijana wa rika letu alitufuata akatusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, mafrateri." Tukaitikia. Akasema, "Siku ya maandamano mlinipiga picha. Naomba niione." Tukamfungulia kwenye simu. Aliikuza kwa vidole viwili, akaisogeza kushoto, akairudisha kulia, akaisogeza tena kushoto. Kisha akasema bila ukali wowote, "Lakini mimi nilikuwa hapa, kaka zangu."

Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo tumebishana sana bwenini juu ya picha za mtaani na kiasi gani cha kuhariri kinakubalika. Jambo hili haliwahusu wapiga picha wa magazeti peke yao. Siku hizi kila parokia, kila kwaya na kila kikundi cha vijana kina mtu mwenye simu anayepiga picha barabarani na kuzituma kabla jua halijazama. Tunaomba tuwashirikishe tulipofikia.

Kamera si jicho

Tuanze na yanayoruhusiwa, kwa sababu wapo wanaosema kwamba picha ya kweli ni ile isiyoguswa kabisa. Hatukubaliani nao. Kamera haioni kama jicho. Padre akiwa na kanzu nyeupe chini ya mwavuli mweupe saa sita mchana, kamera hudhani kuna mwanga mwingi mno, hivyo huupunguza. Matokeo yake nguo huonekana vizuri lakini uso wake hugeuka kivuli. Aliyekuwapo pale hakuona kivuli, aliona uso. Kuongeza mwanga kwenye uso huo ni kuirudisha picha karibu na kile kilichoonekana.

Watu wetu wana sababu ya pekee ya kulijua hili. Kwa miaka mingi kadi za Kodak zilizotumika kupimia rangi katika maabara za picha zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na nyuso nyeusi mara nyingi zilitoka bila sura, macho na meno tu. Katika hali kama hiyo kurekebisha ni haki. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kichujio cha simu kinachomfanya mama wa Kiafrika kuwa mweupe kuliko alivyo ni kosa, hata kama mwenyewe anacheka na kushukuru. Marekebisho ya kwanza yanamrudishia uso wake. Hayo ya pili yanampa uso wa mtu mwingine.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na kitu chenyewe. Tukichukua kipimo hicho, swali la kujiuliza si "Je, nimeigusa picha?" bali "Je, baada ya kuigusa, anayeitazama atafikiri kilichokuwapo, au atafikiri kisichokuwapo?" Mwanga, rangi na kunyoosha picha iliyopinda hupimwa kwa swali hilo, na mara nyingi hupita.

Kipande cha mguu

Kuondoa mtu au kitu ni jambo jingine. Mwaka 2010 mpiga picha wa Ukraine, Stepan Rudik, alipata tuzo katika shindano la World Press Photo kwa mfululizo wa picha za mapigano ya mitaani mjini Kiev. Katika picha moja mkono wa kijana unafungwa bandeji. Waamuzi walipoomba faili la awali waliona kwamba alikuwa amekata sehemu kubwa ya picha, ameifanya kuwa nyeusi na nyeupe, na ameikoleza giza. Hayo yote hayakumwondoa shindanoni. Aliondolewa kwa sababu ya kipande kidogo cha mguu wa mtu aliyekuwa nyuma, ambacho alikifuta kwa sababu kilionekana karibu na ule mkono.

Wengi walishangaa. Mageuzi makubwa yamekubaliwa, na kipande cha mguu kimekataliwa? Sisi pia tulipolisoma mara ya kwanza tuliona kama utani. Sasa tunaona waamuzi walikuwa sahihi. Picha nyeusi na nyeupe haimdanganyi mtu, kwani kila mtazamaji anajua kwamba ulimwengu una rangi. Lakini hakuna mtazamaji anayeweza kujua kwamba pale palikuwa na mguu. Mageuzi ya kwanza yanaonekana wazi. La pili limefichwa, na linafanya kazi kwa sababu tu limefichwa.

Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Steve McCurry, Mmarekani aliyepiga ile picha maarufu ya msichana wa Afghanistan iliyotoka kwenye jalada la National Geographic mwaka 1985. Katika maonyesho karibu na Turin, Italia, mtazamaji mmoja aliona kwamba katika picha ya mtaa wa Kuba nguzo ya alama ya barabarani imehamishwa vibaya, sehemu yake imebaki mahali pasipoeleweka. Watu wakaanza kuzichunguza picha zake nyingine, wakakuta baadhi ambazo watu walikuwa wameondolewa ili picha ipendeze. McCurry alijieleza kwamba yeye ni msimulizi wa hadithi kwa picha, si mwandishi wa habari. Jibu hilo lingetosha kama watazamaji wangeambiwa mapema. Walichokuwa wakikipenda kwa miaka mingi ni kwamba mambo yale yalitokea kweli mtaani, na yeye alikuwapo.

Fremu nayo si inafuta?

Mwenzetu mmoja, ambaye hatumshindi kwa urahisi katika mantiki, alitupinga hivi: "Mngesogea hatua mbili kulia kabla ya kubonyeza kamera, yule kijana asingeonekana, na msingelaumiwa na mtu. Kuna tofauti gani basi?"

Ni pingamizi zito. Kila picha inaacha mengi nje. Hata Henri Cartier-Bresson, aliyesifika kwa kutopenda kukata picha zake, aliikata picha yake mashuhuri ya mwaka 1932 ya mtu anayeruka dimbwi la maji nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare mjini Paris. Tena picha isiyoguswa hata chembe inaweza kudanganya. Lile busu la barabarani mbele ya ukumbi wa jiji la Paris, lililopigwa na Robert Doisneau mwaka 1950, lilipendwa na dunia nzima kama penzi lililonaswa kwa bahati. Katika kesi ya mwaka 1993 Doisneau alikiri kwamba wapendanao wale walikuwa waigizaji aliowaomba wabusiane.

Jibu letu ni hili. Kila picha ina ukingo, na anayeitazama anauona. Anajua kwamba nje ya ukingo kuna dunia ambayo hajaonyeshwa, na yuko huru kuuliza, "Upande ule kulikuwa na nini?" Ndani ya ukingo haulizi, anaamini. Anayekata picha anapunguza maneno yake. Anayefuta ndani ya picha anavunja imani ya yule aliyemwamini. Hatusemi kwamba fremu haina dhambi. Tungesogea kulia kwa makusudi ili maskini asionekane, tungekuwa na jambo la kuungama pia, lakini lingekuwa kosa la upendo kabla ya kuwa kosa la ukweli. Kumfuta ni makosa yote mawili kwa pamoja.

Hapo tuongeze jambo moja kwa wanaopiga picha za watoto. Kumfunika mtoto uso kwa ukungu ili kumlinda si uongo. Ukungu unasema waziwazi, "Hapa tumeficha." Kuficha kunakojitangaza ni tofauti kabisa na kuficha kunakojifanya hakupo.

"Lakini ilikuwa kwa ajili ya Injili"

Utetezi wetu wa mwisho, na ndio tulioung'ang'ania kwa muda mrefu, ulikuwa kwamba nia ilikuwa njema. Tulitaka Ekaristi ing'ae. Tulitaka mtu akiona picha avutwe na Bwana, si na gunia.

Mtakatifu Augustino alikutana na utetezi wa namna hiyo. Karibu mwaka 420 aliandika kitabu kiitwacho Dhidi ya Uongo, akiwajibu wakatoliki waliotaka kujifanya wazushi ili kuwanasa wazushi waliojificha. Lengo lao lilikuwa kuitetea imani. Augustino aliwakatalia: imani haitetewi kwa uongo, kwa sababu ukishakubali kudanganya kwa ajili yake, msikilizaji wako hana tena sababu ya kukuamini unapohubiri.

Na Kanisa limejifunza hili hata katika nyakati zetu. Machi 2018 ofisi ya mawasiliano ya Vatikani ilitoa picha ya barua ya Papa Mstaafu Benedikto wa 16 kuhusu mfululizo wa vitabu juu ya teolojia ya Papa Fransisko. Mistari ya mwisho ya ukurasa wa kwanza ilikuwa imetiwa ukungu, na humo ndimo Benedikto alipoanza kueleza kwamba hakuwa amevisoma vitabu hivyo. Waandishi wa habari waligundua, barua kamili ikalazimika kutolewa, na siku chache baadaye mkuu wa ofisi hiyo alijiuzulu. Inaumiza zaidi kukumbuka kwamba Januari ya mwaka huo huo Papa Fransisko alikuwa ametoa ujumbe wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani kuhusu ukweli na habari za uongo. Hatulisemi hili ili kumhukumu mtu. Tunalisema kwa sababu tunajijua. Mistari miwili ya barua, kijana mmoja wa chupa: hakuna aliyedhani kwamba anafanya jambo kubwa.

Tuliporudi kuitazama

Baada ya kukutana na yule kijana tulifungua tena faili la awali, na safari hii tulimtazama yeye. Gunia lilikuwa chini, ameliegemeza kwenye goti. Kofia ilikuwa mkononi. Kati ya watu wazima wote walioonekana pembeni mwa barabara, wakiwemo wawili waliokuwa wakizungumza na simu, ni yeye tu aliyekuwa amevua kofia.

Tunaomba tusieleweke vibaya. Hata kama angekuwa amevaa kofia, hata kama angekuwa amelewa na kugeuza mgongo, tusingekuwa na haki ya kumfuta. Alikuwapo. Bwana aliyepita katika barabara ile alipita mbele ya wote waliokuwapo, na hiyo ndiyo maana ya kumtoa kanisani na kumpeleka sokoni. Ila ile kofia ilituonyesha kwamba tuliichafua habari tuliyodhani tunaisafisha. Amri ya Nane tuliifahamu kama amri ya ulimi. Tumejifunza kwamba kidole nacho kinaweza kumshuhudia jirani uongo.

Kwa idhini ya Padre mlezi tumeirudisha picha ya awali pamoja na maelezo mafupi ya tulichokuwa tumefanya. Tumejiwekea pia utaratibu. Mwanga na rangi tunarekebisha hadi pale macho yetu yalipoona, si zaidi. Kingo tunakata, ila kwanza tunajiuliza nani anabaki nje na kwa nini. Ndani ya picha hatuondoi wala hatuongezi mtu au kitu. Anayetaka kutengeneza bango lenye mapambo atengeneze, ila lisiitwe picha ya tukio. Na faili la awali halifutwi.

Nakala moja tuliichapisha kwenye duka la stesheneri karibu na stendi, tukampelekea mwenyewe. Aliitazama kwa muda, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kofia yake na kuivaa. Tulimwomba radhi. Akasema, "Haina shida, mafrateri. Mwaka huu mtapita tena?"

Tutapita, Mungu akipenda. Na tutabeba kamera.